Mswada u Ndiani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka naona haya mpaka leo, na mimi ni mzee wa kutembelea mkongojo. Nimeona nikuandikie habari zake kwa kuwa umenipigia simu kunieleza kwamba umepata ukarani katika bunge la kaunti huko bara, na kwamba kazi yako itakuwa kupanga shughuli za juma: mswada gani usomwe lini, swali la nani lijibiwe siku gani. Nilifurahi, muulize mama yako. Ukaniambia pia kwamba safari yako ya kuja Amu kunitazama iko njiani. Simu ilipokatika nikamkumbuka Bi Mwanaisha, nikakaa kitandani kitambo sina hamu hata ya chai.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, katika ile miaka ya hamsini ambapo serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kuwa na mawaziri. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nimerudi kutoka kusoma Mombasa, na Kiingereza changu nilikivaa kama kanzu ya Idi. Kila karatasi za Baraza la Kutunga Sheria zilipofika kutoka Nairobi, zile zilizopigwa chapa kila neno lililosemwa na kila mjumbe, ni mimi niliyekuwa nikizisoma na kuzifasiri pale mtaani Langoni, kwenye daka la Bwana Athmani. Daka, kwa wewe uliyekulia mjini kwa watu, ni ule ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe huku na huku. Wanaume walikaa hapo. Wanawake walikaa ndani, nyuma ya mlango, na aliyetaka kuuliza jambo aligonga ubao kwa pete yake.

Pete niliyoijua kuliko zote ilikuwa ya Bi Mwanaisha. Alikuwa mjane, jirani yetu ukuta kwa ukuta, na mama yangu alipofariki ni yeye aliyenilisha na kunifulia. Mkate wake wa mofa bado naisikia harufu yake, wallahi, wala sijakula mwingine kama ule. Alikuwa na binti mmoja tu, Zuhura, aliyeolewa Malindi.

Babake Bi Mwanaisha aliacha shamba kule barani, nyuma ya Mokowe. Serikali ilipotoa siku za watu kwenda kudai mashamba yao, mzee yule alikuwa Makka, na aliporudi siku zimekwisha, shamba limehesabiwa kuwa la serikali. Miaka ikapita. Kisha serikali ikaahidi, mbele ya Baraza, kwamba italeta sheria ya kuwafungulia mlango waliochelewa. Mwenye kudai angetakiwa asimame mwenyewe aonyeshe mipaka, na aliyekuwa hai akijua kisima kilichimbwa wapi na mkwaju ulisimama wapi alikuwa Bi Mwanaisha peke yake.

Juma hilohilo Zuhura alikuwa amemwandikia mamake. Alikuwa na mimba ya kwanza, anaogopa, anamtaka mamake ahamie Malindi amlee katika uzazi na abaki huko na wajukuu. Bi Mwanaisha alinieleza waziwazi Ijumaa hiyo asubuhi nilipokuwa nikila kwake. "Yeo watusomea mjumbe wetu alivyomuuliza waziri khabari ya ile sharia. Nikisikia bado, nafunga mizigo naenda kwa mwanangu. Nikisikia i karibu, nitangoja." Kisha akaniongezea samaki.

Basi niko kwenye daka na karatasi mkononi. Mjumbe wetu wa pwani alikuwa ameuliza: serikali iliahidi mswada huu, uko wapi? Na jibu la waziri, ukilifasiri kwa uaminifu, ni hili: mswada utaletwa mbele ya Baraza wakati ufaao utakapofika. Nililisoma kimoyomoyo mara mbili. Nikafikiria nyumba ya Bi Mwanaisha imefungwa kufuli, na mimi nikirudi kutoka shuleni bila wa kuniuliza nimekula nini. Mwanangu, sikutaka aondoke, na sina udhuru mwingine.

Nikainua uso nikasema, "Waziri amejibu kwamba mswada u ndiani."

Kwetu kitu kilicho ndiani, njiani kama msemavyo ninyi wa bara, kimeshaondoka kilikotoka. Ukiambiwa mgeni yu ndiani, unabandika chungu. Nyuma ya mlango pete iligonga mara mbili, na nikamsikia akisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo kichwani.

Mkwewe alipokuja kumchukua, alimrudisha kwa wema, na halua na salamu. Alimtuma amwambie Zuhura asikasirike, sharia ikipita na yeye yuko Malindi, nani ataonyesha kisima?

Karatasi zile, mwisho mwisho, zilikuwa na mahali ambapo kiongozi wa serikali hutaja shughuli za juma linalofuata. Nikawa nasoma hapo kwanza. Kila Ijumaa pete inagonga. "Mwalimu, imo?" "Haimo, Bi. Labda juma liyalo." Nililisema hilo la juma lijalo mara nyingi hata likawa halinichomi tena. Zuhura akajifungua mtoto wa kike. Arobaini yake akalelewa na mama mkwe, na Bi Mwanaisha akatuma nguo za mtoto alizozishona mwenyewe kwa sindano ya mkono. Mimi nikaendelea kula mofa, na usingizi nikalala wa raha, astaghafirullah.

Ulipita mwaka na zaidi. Alasiri moja Bwana Athmani akaniita peke yangu. Huyu alikuwa karani wa kadhi kwa miaka mingi, amestaafu, mtu wa maneno machache, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani hajui Kiingereza kwa sababu hakuwa akijionyesha. Kumbe kila karatasi niliyoiacha pale aliiweka. Aliitoa ile ya kwanza kabisa na kuniwekea kidole kwenye mstari.

"Mwalimu. Hapa huyu bwana amesema nini?"

Nikasoma kwa Kiingereza.

"Sasa nambia kwa Kiamu."

Nikarudia kwa Kiingereza.

"Hapa pana neno ndia?"

"Hapana, Bwana."

"Huyu hayuko ndiani. Hata viatu hajavaa." Aliikunja karatasi polepole. "Na mjumbe wetu naye hakuuliza vyema. Amuuliza u wapi. Waziri huulizwa lini. Akikupa siku, umemshika. Asipokupa siku, hakukujibu, hata aseme maneno ya dhahabu. Lakini huyo simlaumu, yuko mbali. Wewe je? Kwa nini ulisema vile?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sikutaka Bi Mwanaisha aondoke. Nilitarajia anitukane. Alitazama chini akasema, "Mimi naliyua tangu juma la pili. Nalingoja useme mwenyewe, nikangoja mno. Hilo ni kosa langu, na Mngu anisamehe. Sasa enda kamwambie. Simwambii mimi."

Nilimkuta Bi Mwanaisha kiwandani, yaani uani kwake, akichekecha unga. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa kuwa sikuthubutu kukaa kwenye mkeka wake. Chekecheo haikusimama mpaka nilipofika kwenye neno ndiani. Hapo mikono yake ikatulia.

"Ulipokuwa mdogo," alisema, "ukivunja kikombe hukuya kuniambia. Ukificha vigae tini ya kitanda, nami nakanyaga."

Nililia, mwanangu, mtu mzima na ndevu zangu. Hakunibembeleza. Aliniacha nikamaliza, kisha akasema, "Keti uandike. Mwandikie mjumbe. Asimuulize waziri kama ataleta, wala u wapi. Amuulize siku. Siku moya tu, itoshe."

Nikaandika, na Bwana Athmani akaisoma kabla haijafungwa. Mjumbe yule, nimshukuru, hakuipuuza. Karatasi zilipokuja tena, swali lilikuwa limo na jibu limo. Waziri aliulizwa mswada ule utasomwa siku gani, akasimama akasema kwamba hawezi kutaja siku, kwa kuwa haujaandikwa bado, na hautakuwamo katika shughuli za kikao hiki wala kinachofuata. Nililifasiri neno kwa neno pale kwenye daka. Nyuma ya mlango pete ikagonga mara moja.

Jumatatu asubuhi alivuka kwenda Mokowe kupanda lori la abiria. Nilimbebea mizigo. Alipoketi akaniambia mofa ya moto nitaipata kwa Bi Rukia, jirani wa pili, ila nimwambie apunguze chumvi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu kwa mdomo. Nilirudi Langoni nikapita mlango wake uliofungwa, nikaingia kwangu, na siku hiyo sikula kitu.

Baada ya miezi kadhaa nilipata barua yake, kwa hati yake nzuri ya Kiarabu. Sikuihifadhi vizuri, mchwa wameila, lakini naijua kwa moyo. Aliandika kwamba mjukuu wake alikuwa akimkimbia. Kila alipomnyooshea mikono, mtoto alijificha nyuma ya bibi yake wa upande wa baba, yule aliyemwogesha tangu siku ya kwanza. "Yeo," aliandika, "ndiyo siku ya awali amekaa mapajani pangu. Amekaa kidogo, akaondoka. Nami nimekusamehe, usilie. Lakini niliyoyakosa nimeyakosa."

Alizikwa Malindi. Mswada ule sikuusikia ukisomwa maisha yake yote. Zamani nilidhani nilichomnyima ni ukweli tu, kisha nikaoa, nikapata watoto, nikaona mtoto anavyomjua mtu katika mwaka wake wa kwanza, ndipo nikafahamu ukubwa wake. Mpaka leo Ijumaa baada ya sala, nikipita lile daka, masikio yananisimama. Nyumba sasa ni ya wageni, mlango umetiwa kengele ya umeme. Namtamani Bi Mwanaisha, namtamani hata Bwana Athmani na ukali wake, natamani niulizwe tena "Imo?" nijibu nilivyopaswa kujibu.

Kwa hiyo, mwanangu, sikia. Hapo ulipo utawasikia wakubwa wakiahidi miswada kila juma. Wewe andika siku waliyotaja. Wasipotaja siku, andika kwamba hawakutaja siku, wala usiwatilie maneno ya kuwapamba. Na atakapotoka mtu mbali, labda kapanda gari usiku kucha, akakuuliza habari ya sheria anayoingoja, usimpe neno la kumpoza ili arudi kwao akicheka. Mwambie haimo. Atakasirika, huenda akakutukana, lakini ataweza kwenda aliko mwanawe. Na ikiwa unampenda, basi chunga ulimi wako mara mbili, kwa kuwa mimi sikumdanganya adui. Ukikosea, usingoje kuitwa.

Mwenyezi Mungu akubariki katika kazi hiyo, akupe ulimi usiozidisha wala kupunguza, na akujaalie uwe karibu na wakupendao siku wanayokuhitaji, si baada yake. Amina.

Na habari ya safari yako ya Amu, sikuulizi iko wapi. Nitajie siku, mwanangu, nami nitamwambia mjukuu wa Bi Rukia abandike mofa. Ukiniambia u ndiani, uwe umeshavaa viatu.