Key niliyokata kwa CNC Embu ilivyoshindwa na tupa ya fundi wa Githongo

Muga wakuu. Hii niliiona kwa macho yangu na aliyeaibika ni mimi, kwa hivyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni operator wa CNC, ile mashine ya kukata chuma kwa kompyuta, kwa workshop fulani Embu town. Mama yangu analima kahawa Githongo, na nyumbani tuko na pulper ya mota, ile mashine ya kumenya cherry, yaani kahawa mbivu.

Juzi key ya pulper ikakatika. Key ni kipande cha chuma kama kidole, kinakaa kwa mfereji kati ya shafti na puli ili vizunguke pamoja. Nikimweleza mama kwa simu akaniuliza, "Ufunguo wa nini na mashine haina mlango?"

Nilicheka sana.

Ndugu yangu akapima mfereji, akanitumia vipimo. CNC ikakata key dakika chache tu, inang'aa, kona zote sawa. Kesho yake nikapanda nyumbani nikijiona injinia.

Kufika, nikapata magunia saba ya cherry yameshachumwa. Wakulima mnajua, ikilala bila kumenywa inachacha, na jasho la mama linaenda bure.

Nikaweka key. Puli ikazunguka kidogo, key ikaruka kwa nyasi. Nikairudisha, ikaruka tena.

Mama aliangalia tu magunia. Hapo ndipo niliogopa.

Ndugu yangu akamleta Muriungi, fundi wa mageti pale sokoni. Akatembeza ukucha ndani ya mfereji polepole.

"Hii yako iko straight sana," akaniambia. "Mfereji imekulwa. Huku ni mpana kuliko kule. Mama, nipee sufuria ya kuni."

Nikadhani anataka chai!

Kumbe alitaka masizi. Akayapaka ndani ya mfereji, akakata chuma, akakipiga tupa, akakisukuma ndani, akakitoa. Palipotoka peusi kwa hicho chuma ndipo palipogusa. Anapiga tupa hapo mara mbili, anarudisha. Hakupima kitu. Nilihesabu mara kumi na moja nikaacha.

Mwishowe kikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba tu. Akakigonga na nyundo mara moja.

Pulper ikanguruma na haikusimama mpaka gunia la saba, jua bado liko juu. Wakuu, miaka yote naamini screen, na mtu amesoma chuma kwa ukucha na masizi.

CNC haikukosea. Ilinipa nilichoiambia. Mimi ndiye niliuliza vipimo vya upande mmoja tu wa mfereji. Siku hizi niko na kopo la masizi kwa workshop, na wenzangu wanacheka mpaka wanachoka.

Wenye mashine na wenye tupa, mmewahi kuaibishwa hivi? Semeni hapa, msiniache peke yangu.

Ile key yangu ya kung'aa mama aliifunga kamba, akaitundika kando ya mlango wa jikoni. Anasema sasa ameupatia ufunguo mlango wake.