Vitufe Vitatu kwa Pamoja

Fundi redio wa Hedaru ana mazoea ya kupuliza kila kitu kabla ya kukifungua, hata kama hakina vumbi. Vidole vyake vimejaa makovu ya kulehemu, na mteja akieleza shida huinamisha kichwa kama anayesikiliza spika mbovu. Dorkas aliyajua hayo tangu fundi alipomtengenezea mumewe, Zephania, kisanduku cha vitufe vikubwa cha kuchezea gemu kwenye kompyuta, ili mkono wake uliolegea kwa kiharusi upate mazoezi. Walicheza mtu na mkewe kwenye kisanduku hicho kimoja, kila mmoja na gari lake kwenye skrini. Lakini mara nyingi Zephania alibonyeza na gari lake lisisogee. Wiki ya tatu akakataa kucheza. "Mkono huu umekufa," alisema.

Dorkas alimwita fundi, naye akapanda hadi kijijini kwao Mamba. Akamwamkia mzee, akakipuliza kisanduku, kisha akamwomba Dorkas aondoe mikono.

"Bonyeza peke yako, mzee."

Gari likachomoka.

"Sasa bonyezeni wote."

Likakwama. Fundi akavua kofia.

"Mzee, mkono wako unafanya kazi. Nilitumia sakiti ya kibodi kuukuu. Vitufe vitatu vikibonyezwa kwa pamoja, kimoja humezwa. Nilijua, nikadhani hamtafika kubonyeza vitatu. Kosa ni langu."

Siku ileile akamfungia kila mmoja sakiti yake. Zephania alimshinda mkewe mara nne mfululizo, na Dorkas, ambaye hapendi kabisa kushindwa, akamwomba amshinde tena.