Nilimwambia Kaka Kwamba Stelingi Hajafa

Admin, jina langu lifiche, maana ndugu zangu wamejaa kwenye ukurasa huu na kusoma ndiyo kazi yao.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, naishi Chang'ombe hapa Dodoma, nina kiduka cha nguo za watoto. Sijaolewa. Nakaa na kaka yangu, ndiye aliyenisomesha baada ya wazazi kufariki. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Kizota mpaka presha ya macho ilipompofusha, lilianza jicho moja na la pili likafuata. Sasa haoni kabisa. Namsomea meseji, namwambia shati lipi lina doa. Nikisema kitu ni cha kijani, kwake ni cha kijani, habishi.

Kaka ana ugonjwa wa zile muvi za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Alizianza akiwa anaona na hakuziacha. Zile zilizotafsiriwa na madijei anasikiliza mwenyewe nyumbani. Basi ikatoka ile kubwa, iliyowakusanya mashujaa wa muvi zote wapigane na adui mmoja. Mtaani gumzo likawa hilo tu, kwa kinyozi, kwa mama ntilie, hadi kwenye kwaya. Kaka akaniambia, "Mdogo wangu, hii siwezi kusubiri itafsiriwe. Nipeleke kwenye kibanda cha muvi, utanitafsiria wewe." Mimi hizo muvi za kurukaruka wala sizipendi, lakini ningemkataliaje mtu aliyenisomesha hicho Kiingereza?

Tukaenda Jumapili baada ya ibada, kwenye kibanda umiza cha mtaani. Jamani, kulijaa! Kila shujaa akitokea watu wanasimama, wanapiga miluzi, wanagonga mabenchi. Stelingi wa kaka, yaani shujaa wake mkuu, ni yule asiyeweza kupaa, anayetembea kwa miguu wakati wenzake wako angani. Alipotokea kibanda kililipuka, na kaka alijua ni yeye kabla sijasema kitu. Alicheka mpaka akatoa machozi. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu aache kazi.

Mwishoni stelingi akafa. Akafa kweli, si yale ya kuzimia. Watu wakaanza kupiga kelele, "Amekufa! Jamani amekufa!" Wanaume wazima wanajifuta machozi kwa kofia. Kaka akanibana mkono.

"Nani kafa?"

Nikafungua mdomo nimwambie, ukatoka uongo. "Adui, kaka. Stelingi kammaliza."

"Sasa mbona wanalia?"

"Furaha."

Kaka yangu akasimama. Akapiga makofi, akapiga mluzi, akapaza sauti, "Si nilisema mimi! Stelingi hafi!" Peke yake, kibanda kizima kinalia. Watu wakageuka kumtazama. Dada mmoja nyuma yetu akasema, "Huyu baba ana roho mbaya." Kaka akadhani anasemwa adui, akamjibu kwa furaha, "Sana, dada yangu, sana!" Nilimtoa nje mbiombio nikisingizia kichwa kinauma. Aibu ile ilikuwa yangu, lakini aliyetazamwa ni yeye.

Najua mtasema, wewe dada una akili kweli? Muvi tu ndiyo umdanganye mtu mzima? Ngojeni nimalize.

Siku chache kabla ya hapo tulikuwa hospitali. Daktari aliniita pembeni akaniambia mshipa wa macho umeshakufa, kaka hataona tena. Njiani akaniuliza, "Kasemaje?" Nikamwambia, "Kasema tuendelee na matone ya dawa, macho yatarudi taratibu." Tangu hapo hakosi, asubuhi na jioni anakaa kitini, anainua kichwa, anasubiri nimwekee. Ndiyo maana pale kibandani sikuweza kumtamkia kwamba kitu kimekufa.

Kesho yake akapanda bodaboda kwenda Kizota kuwasimulia mafundi wenzake wa zamani. Wakamcheka. Wakamwambia stelingi kazikwa na nchi nzima imelia. Kaka akawaka: "Nyie mna macho, mimi nina mdogo wangu. Hajawahi kunidanganya hata siku moja!" Rafiki yake wa siku nyingi akamjibu, "Basi huyo mdogo wako anakuchezea." Weee! Kaka alimsukuma mwenzake, wakashikana mashati. Hajarudi tena kule, na ndiko kulikokuwa na watu wake wote. Haya nimeyajua kwa huyohuyo rafiki yake, alinifuata dukani. "Dada, kwa nini umemfanyia hivi mwenzio?" Nikajifanya nakunja nguo.

Kaka mwenyewe kaniuliza mara moja tu, tukiwa tunakula.

"Stelingi alinyanyuka, si ndiyo?"

"Alinyanyuka, kaka."

"Yaishe basi." Akaendelea na ugali wake. Nilijichukia, nawaambia ukweli.

Sasa juzi kasikia redioni kwamba sehemu ya pili inatengenezwa. Kafurahi huyo! Akaniambia, "Hiyo hutanitafsiria. Mpaka itoke macho yatakuwa yamerudi. Tutakwenda palepale, na wale wa Kizota nitawaita tukae benchi moja. Wewe kazi yako itakuwa kunitazama nikitazama."

Ndugu zangu, nimemkosea mtu ambaye hana mwingine wa kumwamini. Nikimwambia ukweli wa muvi, namjua kaka yangu, swali linalofuata litakuwa daktari alisema nini. Nikinyamaza, ataendelea kugombana na watu kwa kunitetea mimi, huku anasubiri macho yasiyokuja.

Nitukaneni, nimestahili. Ila mkishamaliza, naomba mnishauri kama dada yenu: nianze kumwambia lipi, la stelingi au la macho? Nijibuni mapema. Ananiita sasa hivi, kashakaa kitini, kainua kichwa, anasubiri matone yake.