Zabibu Juu ya Kitanda cha Argia

Nello Baragli alikuwa mtu wa maneno machache. Shule aliiachia darasa la tano, akashika mkasi wa kupogoa mizabibu, na tangu hapo mizabibu ndiyo aliyozungumza nayo. Ukimsalimia njiani alivua kofia, akatazama viatu vyake, akapita. Hakuoa. Aliishi na dada yake, Argia, aliyeongea kwa niaba ya wote wawili.

Baba yao alipofariki, ufunguo wa ghala la mvinyo ukabaki kwa Nello. Nyumba ile haikuwahi kununua mvinyo. Walichovuna ndicho walichokunywa mpaka mavuno mengine, na jirani aliyekuja kuonja ule mpya siku ya Mtakatifu Martino, mwezi wa Novemba, hakuondoka na koo kavu.

Mavuno yalikwenda vizuri. Zabibu zikapondwa, pipa kubwa likachemka bila moto, likaimba usiku na mchana kama chungu cha maharage. Argia alitaka kutundika vichala vya zabibu darini vikauke, kama baba alivyofanya kila mwaka, kisha akavitia kwenye mvinyo.

"Mambo ya zamani hayo, dada," Nello alisema. "Dari nataka kuweka mahindi."

Kisha akafungua dirisha la ghala apate hewa, akalisahau. Usiku upepo wa baridi wa kaskazini ukashuka kutoka milimani. Kulipokucha akaweka sikio kwenye pipa. Kimya. Akaonja: bado tamu mno. Mvinyo ukilala kwa baridi kabla haujamaliza kuchemka hauamki wenyewe. Joto likirudi unageuka siki. Mwaka mzima wa nyumba ulikuwa ndani ya pipa lile.

Nello akaacha kula.

"Mbona supu unaitazama tu?" Argia akamuuliza. "Imekutukana?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, upepo?"

Nello akaweka kijiko chini. "Dada, pipa la baba limenyamaza. Niliacha dirisha wazi."

Akainama, akingoja mvua ya maneno. Argia akashusha pumzi.

"Nami nilidhani una ugonjwa wa kufa! Mjinga wee, si ungesema? Njoo."

Akampeleka chumbani kwake. Juu ya kitanda, ukuta hadi ukuta, vichala vilining'inia kwenye kamba, vimekunjamana, vyeusi, vinanukia asali.

"Unalala chini ya hivi?"

"Mimi na nyigu. Ulidhani kile kitambaa nilichofunga shavuni wiki iliyopita kilikuwa cha jino?"

"Lakini nilikukataza."

"Ulinikataza dari. Chumba changu hukukitaja."

Wakaziponda zabibu hizo, wakaziweka karibu na jiko mpaka zikaanza kutoa povu, wakazimimina ndani ya pipa ziuamshe mvinyo. Wakalifunika kwa mablanketi yote ya nyumba, wao wakalala na makoti.

Asubuhi Nello akaweka sikio tena. Kiputo kimoja kikapasuka. Kingine. Kisha vingi, kama mvua inayoanza juu ya vigae. Akaketi sakafuni, mgongo kwenye pipa, akacheka peke yake huku machozi yakimtoka. Argia alimkuta hapo, akampa bakuli la supu. Akaimaliza, akaomba nyingine.

Siku ya Mtakatifu Martino, jirani yao Duilio akamenya njugu za kuchoma, akanywa, akalamba midomo.

"Nello, huu ni mkono wa baba yako kabisa."

Nello akavua kofia, akatazama viatu. Ila safari hii alijibu.

"Ni wa Argia."

Mwaka uliofuata vichala vilitundikwa darini. Mahindi yalilala chumbani kwa Nello, pamoja na panya wake.