Shubiri za Bi Ghada

Bi Ghada amepiga kinanda cha umeme kwenye harusi za Amu miaka thelathini, na sasa ataka piano ya kweli sebuleni mwake. Jumamosi alimkokota mumewe, Harith, fundi wa mawe, mpaka nyumba moja ya wageni Shela iliyokuwa ikiuza piano mbili. Kabla ya kutoka alikuwa ameipima kona ya kuingilia nyumbani kwa kiganja chake: shubiri nane.

Piano nyeusi ilikuwa shubiri nane barabara, ila ililia kama sufuria iliyoanguka. Ya kahawia, loo! Alipiga chakacha kidogo tu, wanawake wa jikoni wakatoka na vigelegele. Akaipima huku akicheka: shubiri kumi. Kicheko kikakatika.

“Hebu nipime mimi,” akasema Harith. Akatandaza kiganja chake, kipana kama kafi la mtumbwi. “Nane, Bi Ghada. Yapita.”

Bi Ghada akautazama mkono ule, akautazama wake, akasema “Alhamdulillahi,” na kuinunua papo hapo.

Alasiri, Harith, ambaye dirisha lao bovu limemngoja miaka mitatu, alikuwa kwenye kona ile ya kuingilia na nyundo, akiubomoa ukuta wa babu yake huku akiimba chakacha.