Mkwe Mlangoni mwa Handaki

Handaki lilikuwa la mbegu. Zamani, kinu cha ushirika kilipokuwa kinanguruma hapa Bariadi mjini, pamba ilichambuliwa juu, mbegu zikaanguka chini kwenye vitoroli na kusukumwa juu ya reli nyembamba, chini ya barabara, mpaka ghala la ng'ambo. Halafu wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, pamba ikaenda kwingine, kinu kikanyamaza. Popo wakahamia juu, mama yangu akahamia chini.

Mama huvundika ndizi. Zinashushwa mbichi kutoka Tarime, na handakini joto halitoki. Aliziba mdomo wa upande wa ghala kwa mawe na udongo, akawa anaingiza mikungu kwa toroli moja lililobaki, lenye kamba ndefu ya katani upande wa mlangoni. Katikati, kando ya reli, anaweka debe la pumba za mpunga zinazofuka moshi. Ukishawasha unatoka haraka na kushusha turubai mlangoni. Hakai mtu humo.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka shule, bado nimevaa sare, nimeshika turubai nikimngoja mama atoke. Mume wa dada yangu akatokea na baiskeli.

“Mwadila, shemeji!” alisalimia kwa ile sauti yake ya mnada wa ng'ombe.

“Mwadila,” nikajibu nikitazama viatu. Watu wengi hudhani sina sauti. Hata darasani nikijua jibu nanyamaza nalo.

Kwetu, mwanamume na mama wa mkewe hawakutani uso kwa uso. Wakikaribiana njiani, mmoja anaingia kwenye mashamba mpaka mwenzake apite. Na mle handakini watu wawili hawapishani bila kugusana vifua. Nikasikia kandambili za mama zikija, zikasimama. Ameisikia ile sauti. Zikageuka, zikalipita debe, zikaenda kule kulikozibwa.

Shemeji akaegemeza baiskeli, akachuchumaa palepale mlangoni.

“Dada yako anatamani ndizi, unajua hali yake. Zitaiva lini? Na moshi wote huu, mnavundika au mnabanika samaki?”

Nilitaka kusema tu, mama yumo ndani. Yakaja maneno mengine. Nikasema, “Shemeji, nenda nyumbani kwetu ukanywe uji.”

“Unanifukuza! Nitakusemea kwa mkwe, yeye ananipenda.” Akacheka, akatafuta pa kukaa vizuri.

Ndani mtu akakohoa, kikohozi kilichozibwa na kitenge.

Kicheko kikakatika. “Nani huyo?”

“Mayu,” nikasema. Mama.

Akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akashusha kofia usoni, akaacha baiskeli, akakimbia kuvuka uwanja wa kinu, kama mkwe mwenye adabu anavyotakiwa.

“Mayu, ameondoka! Toka!”

Kandambili hazikusogea. Nikaingia nimeinama, macho yanawaka, nikipapasa ukuta. Nikagusa mguu wake. Alikuwa ameketi, kichwa kimelala begani. Nilipomvuta hakusogea. Mama ana mwili, mimi kijiti.

Nikatoka, nikapiga kelele ambayo sikuijua. “Shemeji! Rudi! Anakufa!” Wapakiaji waliokuwa mbali barabarani juu ya lori wakageuka wote kunitazama.

Shemeji alisimama karibu na lango la uwanja, mgongo kwangu. “Siwezi! Unajua siwezi!”

“Humwoni! Nitampandisha kwenye toroli, wewe geuka, uvute kamba tu!”

Sikungoja jibu. Nikasukuma toroli ndani, ncha ya kamba ikibaki mlangoni, mpaka likamgonga mama. Akazinduka kidogo, akashika ukingo, nikalipanda kuvukia upande wake, nikamwinua kwa bega kama gunia, akaangukia tumbo ndani ya toroli. Nikasukuma. Magurudumu yenye kutu hayakwenda. Nikakohoa mpaka nikapiga magoti. Nikawaza kwamba shemeji ameondoka kweli.

Kamba ikakaza.

Tulitoka kwa kelele za chuma. Mama akabiringika juu ya makapi ya pamba, na kabla hajapumua vizuri mkono wake ulikwisha kuvuta kitenge kufunika uso. Shemeji, kamba begani, aliendelea kutembea mbele mpaka ukuta ukamzuia. Hakugeuka.

“Shemeji,” akasema akihema, “mwambie mwenye mali, mkungu huu ni mzito. Asiusahau tena ndani.”

Kutoka chini ya kitenge mama akakohoa. “Mwambie aliyevuta, achukue mwingine wa dada yako.”

Walikuwa hatua chache tu, kila mmoja amemsikia mwenzake. Bado walisubiri. Basi nikayarudia maneno yote, huku na huku, kwa sauti.

Zile ndizi hazikuiva, moshi ulikuwa umetoka wote. Dada alizipika na nyama.

Mama amebomoa mawe ya upande wa ghala, akaweka mlango wa mbao. Joto linapotea, na wateja wanalalamika kwamba ndizi zake siku hizi zinachelewa. Anawaambia handaki lilihitaji hewa.