Kuna mtu anafuta ninayomwandikia mume wangu

Admin, nakuomba ubadilishe majina yetu yote kabla ya kuniweka mbele ya watu, maana watu wa ukoo wa mume wangu wanafuata ukurasa huu na mimi sitaki maneno.

Nina miaka thelathini na minne, niko Lubumbashi, mama wa binti mmoja, Gloria. Mimi ni mwenyeji wa hapa, mume wangu ni wa Kivu ya Kaskazini, anauza bidhaa kwa jumla. Nafanya kazi ya ofisi katikati ya mji, kwa hiyo nyumbani kila kitu chenye skrini ni juu yangu. Mume wangu alikuwa anatumia neno la siri moja kila mahali, jina la binti yetu, hata akili zake nikazitilia shaka. Nikaweka kwenye simu zetu mbili ile programu ya kutunza maneno ya siri, akaunti moja, na ufunguo wake mkuu tunaujua mimi na yeye tu. Alinuna wiki nzima. Akaniambia, "Umenifungia nyumba yangu, na funguo umeweka mu kichwa yako." Baadaye akaizoea kuliko mimi.

Vita ilipokaribia mji wa kwao, alikwenda kumtoa mama yake. Mama alifika kwetu salama, kwa sababu gari lilikuwa na nafasi moja na mwanawe akampa yeye. Mume wangu alisema atafuata na lori. Kabla lori halijaondoka mji ukaanguka, mtandao ukakatika kwa siku kadhaa, benki zikafungwa. Siku chache baadaye dereva wa lile lori akatupigia kutoka ng'ambo ya mpaka. Alisema Baba Gloria alishushwa kwenye kizuizi, na kwa wale walioshushwa pale hakuona hata mmoja akirudi. Tangu hapo namba yake haipatikani.

Sasa hiyo programu yetu inafungwa kabisa Jumapili hii, wenyewe wametangaza kila mtu ahamishe vitu vyake. Nikachagua nyingine. Kazi yenyewe si ngumu: unatoa maneno yote kwenye faili moja, unaliingiza kwenye programu mpya, unakagua moja moja, halafu unafuta faili na kufunga akaunti ya zamani. Nilikuwa nakagua huku nalia, maana hata neno la siri la mtu linaweza kukuliza. Nikafika kwenye barua pepe yake. Neno la siri si lile ninalolijua. Nikaangalia tarehe ya mabadiliko: limebadilishwa baada ya simu ya dereva. Mimi sikulibadilisha.

Nilijaribu kuingia kwenye hiyo barua pepe nikashindwa, inataka namba ya uthibitisho ambayo inatumwa kwenye simu yake yeye. Nikakaa pale kwenye kiti cha ofisi, nikarudi kwenye programu ya zamani. Katika ile programu kila neno la siri lina nafasi ndogo chini ya kuandika maelezo. Nikaandika, "Ni weye?" Kesho yake nikafungua. Maneno yangu yamefutwa. Hakuna kilichojibiwa na hakuna kingine kilichoguswa.

Tangu siku hiyo roho yangu iko juu juu. Naunguza ugali, namjibu bosi vitu ambavyo hakuniuliza, nafungua simu hata kanisani. Mara najiambia ni yeye, yuko hai, amejificha, anafuta kwa sababu simu zinapekuliwa. Mara najiambia ni aliyemnyang'anya simu, na ufunguo mkuu alimlazimisha autaje, sitaki hata kufikiria kwa njia gani. Akaunti za duka na zangu nimezihamisha zote na kuzibadilisha, hizo hazinipi shida. Kule kwenye programu ya zamani nimeacha ile barua pepe moja tu.

Wakati huo huo mdogo wa mume wangu amekuja na habari za kilio, tukae matanga ya kaka yake. Aliniambia, "Mama Gloria, tufanye kilio samedi. Bantu ba kwetu banauliza, na mama anaisha." Nikamwomba tungoje kidogo, akaniuliza tungoje nini. Ningemwambia, lakini mama mkwe alikuwa amekaa pale pale. Huyo mama hali chakula. Akanishika mkono akasema, "Mutoto wangu, muniache nimulilie. Kungoja njo kunaniua." Nikiwaambia kuna mtu anafuta maneno kwenye simu, nitampa tumaini, na kama ni mwizi nitakuwa nimemzika mwanawe mara mbili mbele yake. Nikaenda kumkorogea mama uji. Jumamosi watu wanakuja na viti.

Najua mtasema muulize jambo ambalo yeye tu analijua. Ninalo. Kabla ya Gloria tulipoteza mtoto hospitalini, na baba yake alimnong'oneza jina ambalo hatujamwambia mtu yeyote. Naandika, "Tulimwita nani?" halafu naifuta mwenyewe kabla sijaihifadhi. Kama kweli amejificha na wakamshika na simu yake, swali langu likiwa wazi humo, nitakuwa nimemuua mimi. Na kama ni mwizi, atanijibu ujinga au atanyamaza, na mimi nitakuwa mjane saa ile ile, nimejifanya mjane kwa kidole changu. Leo bado ni mke wa mtu, ndugu zangu. Nimechoka, lakini bado ni mke wa mtu.

Wenye hekima humu, nisaidieni kabla ya Jumapili, maana baada ya hapo hakuna pa kuandika tena. Niulize, au niache pafungwe nikiwa sijui?